Digrii ya Biashara na ya Fedha kwa pamoja: masomo 16 yamekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, kombinesheni ya ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu). Mjomba wangu, ambaye ndiye atakayenilipia ada, anataka nikasome Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra. Kuna njia mbili mbele yangu: Shahada ya Biashara peke yake kwa miaka 3, au Biashara na Fedha kwa pamoja kwa miaka 4. Mjomba anasema mwenye digrii mbili hawezi kulingana na mwenye moja. Mimi nikitazama masomo naona mengi yanafanana. Je, si kusoma kitu kilekile mara mbili? Na C yangu ya BAM (hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita) itanitosha? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeona jambo ambalo wengi huliona wakiwa mwaka wa tatu, ada imeshalipwa.

Tuanze na hesabu. Katika chuo hicho somo moja lina yuniti 6, na anayesoma muda wote huchukua masomo 4 kwa muhula. Digrii moja ya miaka 3 ni yuniti 144, sawa na masomo 24. Ungesoma digrii mbili moja baada ya nyingine, ungemaliza masomo 48 katika miaka 6. Digrii pacha, yaani hizo mbili kwa pamoja, ina yuniti 192, sawa na masomo 32. Masomo 16 hayapo. Sehemu yake ni yale yanayofanana uliyoyaona: utangulizi wa uhasibu, uchumi, takwimu, misingi ya fedha. Hayo husomwa mara moja yakahesabika pande zote. Sehemu nyingine ni masomo ya hiari, yale ambayo mwenye digrii moja angeyatumia kusoma sheria, kompyuta au Kichina. Kwa hiyo kitu kimoja hutakisoma mara mbili. Unachotoa ni mwaka mmoja wa ada na karibu uhuru wako wote wa kuchagua.

Sasa, je, fani zenyewe ni moja? Hapa naomba tukae kidogo. Chukua mwenye kinu kule Mbarali, ananunua mashine ya kukoboa mpunga kwa Sh milioni 10. Itamwingizia milioni 4 taslimu kila mwaka kwa miaka 3, halafu inakwisha. Mhasibu anagawa ile milioni 10 kwa miaka 3, anatoa uchakavu wa Sh 3,333,333 kila mwaka, na vitabu vinaonyesha faida ya Sh 666,667 kwa mwaka. Miaka mitatu, faida milioni 2. Vitabu safi kabisa.

Mtu wa fedha anauliza swali jingine: hizo milioni 10 zingekuwa zinafanya nini kwingine? Tuseme zingepata asilimia 10 kwa mwaka kwenye hatifungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba. Basi milioni 4 ya mwaka wa kwanza thamani yake leo ni Sh 3,636,364, ya mwaka wa pili Sh 3,305,785, ya mwaka wa tatu Sh 3,005,259. Jumlisha: Sh 9,947,408. Mwenye kinu amepungukiwa Sh 52,592 kuliko kama asingenunua mashine kabisa.

Vitabu vinasema faida, thamani inasema hasara, na wote wawili wamepiga hesabu sawasawa. Mmoja anapima kilichotokea, mwingine anapima uamuzi. Nimeketi kwenye usaili wa kuajiri mara nyingi, na swali ninalolipenda ni hili: kampuni inatangaza faida, lakini mwisho wa mwezi haina fedha za mishahara, imekuwaje? Kijana aliyeushika uhasibu na fedha pamoja huenda moja kwa moja kwenye wadaiwa, akiba ya bidhaa ghalani na mikopo inayolipwa. Nimewahi pia kuona mwenye vyeti viwili akinyamaza. Niliposoma orodha ya masomo yake nikaelewa: upande wa biashara alikuwa amejaza masoko na menejimenti, hakuna uhasibu zaidi ya ule wa mwaka wa kwanza.

Ndiyo maana naona suala zito kuliko idadi ya digrii ni mchepuo, yaani fani kuu, utakaouchagua upande wa Biashara. Ukienda kwenye digrii pacha, weka uhasibu pale. Fedha bila uhasibu ni kukadiria thamani ya kampuni ambayo huwezi kusoma taarifa zake. Masoko si somo baya, ila kwa mchanganyiko huu litakuacha katikati.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo Mjomba pengine hajaelezwa. Mchepuo mmoja una yuniti 48, yaani masomo 8. Ndani ya digrii moja ya masomo 24 kuna nafasi ya michepuo miwili, uhasibu na fedha, ukatoka baada ya miaka 3 na cheti kimoja chenye vyote viwili. Kama ndoto yako ni ukaguzi wa hesabu, kodi, au kuwa mhasibu wa kampuni, mimi ningekushauri hivyo, na ada ya mwaka wa nne iende kwenye mitihani ya bodi za taaluma. Kama unataka uwekezaji, mifuko ya pensheni au kupima hatari za benki, mwaka wa nne una kazi yake: unapata kina cha hisa, hatifungani na derivativu (mikataba ambayo thamani yake hutegemea bei ya kitu kingine) ambacho masomo 8 hayakifikii.

Kuhusu bodi, msamaha wa mitihani hutolewa kwa kutazama masomo uliyofaulu, hautolewi kwa wingi wa vyeti. ACCA, bodi ya wahasibu ya Uingereza, wana mitihani 13, na msamaha hauzidi 9. Ile 4 ya mwisho kila mtu anaifanya. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ni ngazi tatu, na ya kwanza unaweza kuifanya ukiwa bado mwanafunzi, ikiwa imebaki miezi isiyozidi 23 kabla ya kuhitimu. Hata majirani zetu Kenya, bodi yao ya mitihani, KASNEB, imetenganisha: CPA kwa wahasibu, CIFA kwa wachambuzi wa uwekezaji. Kama unakusudia kurudi kufanya kazi nyumbani, waandikie NBAA, bodi ya wahasibu Tanzania, sasa uwaulize masomo gani wanayatambua kwa ajili ya CPA(T), cheti chao cha uhasibu, na ukihitimu upeleke vyeti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, vitambuliwe. Usisubiri mwaka wa mwisho, kwa sababu somo moja lililokosekana linaweza kukurudisha darasani.

Mwambie Mjomba jambo jingine pia. Viza ya mwanafunzi Australia inaruhusu kazi ya saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo. Ni msaada kwa chakula na nauli, lakini asiutegemee kulipa ada ya mwaka wa nne.

BAM yako sasa. C inaonyesha msingi upo, ila ECA haikukupitisha Advanced Mathematics, na fedha itakudai kuanzia mwaka wa pili. Hutaulizwa jiometri. Utaulizwa kipeo, logarithimu, mfululizo wa kijiometri (maana ile hesabu ya thamani ya leo ndiyo hiyo), tofautisho, na zaidi ya yote uwezekano na takwimu: wastani, varianzi, mgawanyo wa kawaida. Tafuta kitabu cha Advanced cha kidato cha tano na cha sita, fanya sura hizo kwa kalamu, saa moja kila siku hadi utakapopanda ndege. Anza na ile mashine ya Mbarali: tafuta ni kwa riba ya asilimia ngapi mwenye kinu asingepata wala kupoteza. Jibu liko chini kidogo ya 10. Ukilipata bila kusaidiwa, andika fomu ya digrii pacha bila hofu.