Usikariri maana za "run"

Anayeanza Kiingereza huogopa maneno marefu, kumbe hayo ndiyo mepesi. "Photosynthesis" ina maana moja tu. Ukishaijua, umemalizana nayo. Kazi ipo kwenye maneno ya herufi tatu. Katika toleo la 1989 la Kamusi ya Oxford, neno lililochukua kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa "set". Wahariri walipolipitia upya "run" kwa ajili ya toleo lililofuata, wakahesabu maana 645, tena kama kitenzi peke yake. Waingereza wenyewe hawana orodha hiyo kichwani, basi nawe usijitese nayo.

Mgeni akikuuliza "piga" maana yake nini, utamjibu kwa swali: piga nini? Simu, pasi, kura, mswaki, picha? "Run" nayo iulize hivyohivyo.

Anza na kiima. Mtoto akiwa ndiye mtendaji, anakimbia. Pua? Inatoka kamasi. Rangi ya kitambaa inachuja, bomba linatiririka, basi lina safari zake za kila siku. Kote humo kuna kitu kinachokwenda bila kusimama. Ndiyo maana mwenye kampuni naye "runs a company": anaifanya iende. Sisi tunasema anaiendesha, na "endesha" imezaliwa na "enda", kwa hiyo wazo hilo si geni kwako hata kidogo.

Panapoumiza ni vijineno vya nyuma. "Run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, lakini gari likifanya hivyo kwenye ukuta, limeugonga. "Run over" ni kukanyaga kwa gari. "Run out" ni kwisha, na hapa wengi huteleza: pesa "runs out", ila mtu "runs out of money". Ukisahau hiyo "of", sentensi inavunjika. Kugombea urais Marekani ni "run for president". Uingereza, anayegombea ubunge kwa kawaida "stands". Usitafute mantiki hapo, zoea tu.

Kwenye daftari, usiandike "run = kimbia". Andika kipande kizima pamoja na sentensi ulimokikuta. Vipande kumi vya namna hiyo vitakufaa kuliko ukurasa wa maana zisizo na mifano.

Na kamusi uichague. Ile kubwa ya Oxford hupanga maana kihistoria, ya zamani kwanza, hivyo unaweza kushika maana ambayo hakuna anayeitumia tena. Zilizoandikwa kwa ajili ya wanafunzi kwa kawaida hutanguliza zinazotumika zaidi. Hata humo, usiishie kwenye maana namba moja: shuka ukisoma mifano, mpaka ukutane na sentensi inayofanana na yako.