Mkataba wa miezi mitatu wenye sharti la kuachishwa kazi bila sababu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nafanya kazi ya ghala kwa mkataba wa miezi mitatu ambao umekuwa ukihuishwa kila unapokwisha, na huu ni mwaka wa pili. Safari hii tumeletewa karatasi mpya ya kusaini yenye kifungu hiki: "Mwajiri anaweza kusitisha ajira wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu, na mfanyakazi hatadai chochote. Mfanyakazi akitaka kuondoka atatoa notisi ya mwezi mmoja." Tajiri anasema ndivyo wafanyavyo Marekani, na kwamba Muislamu hufungwa na sharti alilolikubali. Je, sharti hili lina nguvu kisharia? Na mimi nikipata kazi nyingine, naweza kuondoka siku hiyo hiyo?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Muda wa miezi mitatu hauna ubaya wowote. Nabii Musa (A.S.) aliajiriwa Madyan kwa miaka minane, na miwili ya ziada ikaachwa kwenye hiari yake, na mzee aliyemwajiri akatamka wazi kuwa hataki kumtaabisha (Surat Al-Qasas, 27). Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii kujulikana kwa muda ni sharti la ijara (mkataba wa kuajiri kwa malipo) ya namna hii, hata wanazuoni wake wengi wakaibatilisha ijara ya "kila mwezi kwa kiasi kadhaa" isiyotajwa mwisho.

Tatizo liko kwenye kifungu. Jumhuri ya wanazuoni, yaani walio wengi, wanaihesabu ijara kuwa ni mkataba unaozifunga pande zote mbili, kwa hiyo anayekuajiri miezi mitatu amejifunga miezi mitatu, kama ulivyojifunga wewe. Mkataba ambao kila upande unaweza kujitoa upendapo upo katika fiqhi, nao ni juala, yaani ahadi ya malipo kwa atakayekamilisha jambo fulani, mfano kumrudisha mnyama aliyepotea. Lakini hata humo, mtoa ahadi akijitoa baada ya kazi kuanza, hulazimika kumlipa mtendaji ujira wa mfano, yaani malipo ya kawaida ya kazi kama hiyo, kwa alichokwisha kukifanya. Basi vipi mwenye ijara ajipe uhuru mpana kuliko wa mwenye juala, na tena ajipe peke yake?

Ama hoja ya tajiri wako, hadithi aliyoitegemea ameikata katikati. Mtume (S.A.W.) amesema Waislamu wako kwenye masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Maneno "hatadai chochote", yakichukuliwa kama yalivyoandikwa, yanafuta hata ujira wa siku ulizokwisha kuzifanyia kazi, na hilo ni batili moja kwa moja. Katika hadithi qudsi (maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume) aliyoipokea Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Na ya Marekani pia yamenukuliwa nusu. Kanuni hiyo kule kwa kawaida ni ya ajira isiyo na muda maalumu, na mfanyakazi naye huondoka siku apendayo bila notisi. Hata hivyo hairuhusiwi kumfukuza mtu kwa ajili ya rangi au dini yake, na jimbo la Montana tangu 1987 lina sheria inayodai sababu ya haki baada ya kipindi cha majaribio. Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki, na kwa anayelipwa kwa mwezi notisi haipungui siku 28. Sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mkataba wa muda usipohuishwa ilhali mfanyakazi alikuwa na tarajio la msingi kwamba utahuishwa. Mwaka wako wa pili katika ghala hilo una uzito katika jambo hili.

Kuhusu kuondoka kwako, dhuluma iliyomo kwenye kifungu haikuhalalishii kuliacha ghala ghafla. Notisi ya mwezi mmoja ni ruhusa aliyoitoa tajiri mwenyewe, basi itumie. Ukihitaji kuondoka mapema zaidi, mwombe iqala, yaani mvunje mkataba kwa ridhaa ya nyote wawili, na anayemkubalia mwenziwe jambo hilo ameahidiwa kuondolewa makosa yake Siku ya Kiyama.

Nawashauri, kabla ya kusaini, muende kwa tajiri pamoja na wenzako na mumwombe notisi iwe ya pande zote, na maneno "hatadai chochote" yaondolewe. Ikiwa anahofia miezi ambayo mizigo hupungua, hilo ni hofu ya kweli, na sharia imempa njia: aajiri vibarua wa siku kwa siku na kuwalipa jioni, au awape watu kazi maalumu kwa malipo yanayojulikana. Atakayekuwa ameshaachishwa kwa kifungu hicho asikae kimya, bali apeleke shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwani kudai haki kwa njia hiyo hakupingani na subira.

Wallahu a'alam.