Tusimalizane barabarani

Wiki hii mmeuliza: ukiumia ajalini, uanzie wapi? Wengi watajibu kuwa ni hospitali, nami naungana nao. Langu ni kuwasihi wasomaji wasikubali kumalizana na dereva palepale barabarani, maana sisi tulikubali.

Mdogo wangu alikuwa abiria wa bodaboda, akitoka Nkuhungu kwenda mjini hapa Dodoma, pikapu ikawagonga kwa nyuma. Dereva hakukimbia, na kwa kweli alikuwa mpole. Alimpeleka kituo cha afya, akalipia dawa, akampa shilingi 50,000 na namba ya simu. "Dada, polisi tutapoteza siku nzima. Tuyamalize kindugu." Mdogo wangu alikuwa bado anatembea, ingawa kwa kuchechemea, akaona hakuna neno. Siku ya nne goti lilivimba, akashindwa kukanyaga chini. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umepasuka chini ya goti, akatakiwa kufanyiwa upasuaji. Simu ya yule dereva ikawa haipatikani.

Tulipofika polisi tuliulizwa nani alipima ajali. Hakuna. Vyombo vilishaondolewa, ramani haikuchorwa, na PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kwa daktari, hatukuwa nayo. Aliyetuokoa ni mama mmoja anayeuza zabibu kando ya barabara: aliiandika namba ya pikapu kwenye daftari lake la madeni. Siku hizi stika za bima ni za kielektroniki, kwa hiyo ukiwa na namba ya gari unaweza kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Tulihakiki, tukakuta iko hai. Watu huidharau bima ndogo, lakini ndiyo iliyowekwa na sheria kwa ajili ya mtu wa nje anayeumizwa na gari. Naamini yule dereva naye hakujua kwamba kuna bima ya kubeba mzigo ule.

Kwa hiyo, ukiwa na fahamu, mwombe mtu apige 112, namba ya dharura, na apige picha namba za gari, stika na jinsi vyombo vilivyolala kabla havijasogezwa. Chukua namba za simu za mashahidi wawili watatu. Aliyeumia shingo au mgongo asikunjwe ndani ya bajaji. Kichwa kishikwe kisiyumbe mpaka apatikane usafiri wa kumlaza. Damu inayotoka kwa kasi igandamizwe kwa khanga safi, mkono usiachie. Mgonjwa akiwa mahututi, uhai utangulie, na ndugu mwingine afuatilie PF3 polisi wakati yeye yuko kwa daktari. Daktari mwambie kila panapouma, hata pale unapoona ni padogo, kwa sababu asichokiandika siku ile kitakuja kubishaniwa baadaye.

Na jamani, mafundi wa mifupa wapo na tunawaheshimu, lakini picha ipigwe kwanza. Mguu uliofungwa kwa kukazwa sana damu haipiti, na mtu anaweza kuupoteza.

Aliyeumia akiwa kazini amtaarifu mwajiri mapema, maana kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Wengi huishia kuchangishana harambee bila kuuliza.

Upande wetu, kampuni ya bima ilitaka ripoti ya polisi, nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, PF3 na stakabadhi zote. PF3 yetu ilikuwa ya siku ya tano baada ya ajali, tukahojiwa mara tatu kama kweli goti liliumia siku ile. Gharama za upasuaji zililipwa baada ya karibu mwaka mzima. Miezi mitatu ambayo mdogo wangu hakufungua kibanda chake cha chapati haikulipwa, kwa sababu hakuwa na hesabu yoyote ya kuonyesha alichokuwa akiingiza kwa siku. Sasa kila jioni anaandika mauzo yake kwenye daftari.