Masharti umeyaacha wapi? Majibu ya maswali ya topolojia na jiometria

Maswali ya safari hii yametoka Masasi hadi Kilwa, na karibu yote yana ugonjwa mmoja: nadharia inatajwa kwa mbwembwe, masharti yake yameachwa nyumbani.

Shikamoo Mwalimu. Torasi (uso wa umbo la tairi), na tufe lililogandishwa vitanzi viwili kwenye nukta moja, vina homolojia (hesabu ya vipande na matundu ya umbo) sawa. Kwa nini nisiandike kwamba ni nafasi moja? (Masasi)

Marahaba. Usiandike, kwa sababu si kweli. Homolojia zinalingana, hilo sibishi: Z (kundi la namba kamili) kwa kiwango cha 0, kisha Z mara mbili kwa kiwango cha 1, kisha Z kwa kiwango cha 2. Lakini kwenye torasi, kuzunguka kitanzi a halafu kitanzi b ni sawa na kuanza b halafu a, maana kundi la msingi lake (orodha ya vitanzi na namna vinavyounganishwa) ni Z×Z. Mwenzake ana kundi huru (lisilo na kanuni ya kupatanisha vizalishi vyake) la vizalishi viwili, na humo ab na ba hazipatani kamwe. Anayependa kohomolojia (pacha wa homolojia mwenye kuzidisha) naye ana ushahidi wake: kwenye torasi, zidisha vizalishi viwili vya kiwango cha 1 utapata kizalishi cha kiwango cha 2; kwa yule mwingine unapata sifuri. Na kabla ya hayo yote ungeitazama tu ile nukta ya gundi. Jirani yake haifanani na kipande cha bapa, kwa hiyo ile nafasi si uso hata kidogo. Umeleta trekta kupalilia mchicha.

Hata wakubwa walijikwaa hapa. Mwaka 1900 mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alidai kwamba homolojia inatosha kulitambua tufe la vipimo vitatu. Mwaka 1904 akaleta mwenyewe mfano wa kujipinga: homolojia ni ya tufe, ila kundi la msingi lina memba 120. Ndipo akauliza, je, kundi hilo likiwa na memba mmoja tu? Jibu lilikuja mwaka 2002 na 2003 kutoka kwa mwanahisabati Mrusi Grigori Perelman, kwamba ndiyo, ni tufe, ambaye baadaye alikataa hata zawadi ya dola milioni moja. Poincaré alijisahihisha ndani ya miaka minne. Wewe swali hili uliniletea mwaka jana.

Chupa ya Klein (uso uliofungwa usio na ndani wala nje) inaingia kwenye vipimo vitatu?

Bila kujikata, haiingii. Kwenye vipimo vinne inaingia. Ni mara ya nne naulizwa, na sitajibu ya tano.

Nimejumlisha mpindo wa Gauss (kipimo cha uso ulivyojikunja) juu ya nusu tufe nikapata 2π, na namba ya Euler yake (ukiugawa uso: vipeo toa kingo jumlisha vipande) ni 1. Kwa hiyo lile neno la ukingo katika Gauss–Bonnet halina kazi? (Lindi)

Umebahatisha, ndugu yangu. Gauss–Bonnet inasema mpindo wa ndani jumlisha mpindo wa ukingo ni 2π mara namba ya Euler. Ukingo wa nusu tufe ni ikweta, nayo ni jiodesiki (mstari ulionyooka kabisa juu ya uso), ndiyo maana mchango wake ni sifuri. Chukua kifuu cha nazi, tukifanye tufe la nusukipenyo 1, ukikate juu zaidi, pale nyuzi 60 kutoka kileleni. Eneo la kile kikofia ni 2π(1 − ½), yaani π tu. Hiyo π nyingine iko wapi? Iko ukingoni: mpindo wa jiodesiki ni kosaini ya nyuzi 60 gawanya kwa saini yake, mzingo ni 2π mara saini hiyohiyo, ukizidisha unapata π. Jumla 2π, kama nadharia inavyotaka. Mfano mmoja uliokubali haujathibitisha kitu. Nawaambia hivyo kila mwaka, na kila mwaka naletewa nusu tufe.

Mkeka unazunguka nguzo vizuri, lakini kwenye mtungi unakunjamana. Kwa nini?

Kwa sababu Gauss alionyesha mwaka 1827 kwamba mpindo wake haubadiliki uso unapopindwa bila kuvutwa wala kubanwa. Mkeka ni sifuri, nguzo ni sifuri, tumbo la mtungi si sifuri. Kinachonifurahisha zaidi ni kawa. Ichane toka ukingoni mpaka kileleni, itandaze sakafuni: italala bapa, ila kutakuwa na kipande cha pembe kilichokosekana. Mpindo wote wa kawa umekusanyika pale kwenye ncha, na kiasi chake ni hicho kipande, yaani 2π kutoa pembe iliyobaki. Mama anayeshona kawa anaijua hesabu hii kwa vidole, wakati wanafunzi wangu wa uzamili wanaitafuta kwenye tenseri ya Riemann yenye fahirisi nne.

Fomu yangu ω (usemi wa kujumlishwa kando ya njia) ina dω = 0, yaani derivativu yake ni sifuri, basi nikaandika ω = df, yaani imetoka kwa kitendakazi f. Msahihishaji amenikata alama zote. Ameonea?

Hajaonea. Fomu yako ni (x dy − y dx)/(x² + y²), na kitovu umekitoa mwenyewe. Izungushe kwenye duara la nusukipenyo 1 unapata 2π. Ingekuwa df ungepata sifuri. Lema ya Poincaré inadai eneo linaloweza kusinyaa mpaka nukta. La kwako lina tundu katikati, umelichimba halafu umelisahau.

Haya yatatoka kwenye mtihani?

Mimi situngi mtihani wenu.

Nina kinyago cha ujamaa cha mpingo, kina matundu saba ya kutazamia ndani. Jinasi ya uso wake (idadi ya matundu ya kupita, kama lile moja la torasi) ni 7? (Mtwara mjini)

Swali zuri kuliko yote, na jibu ni hapana. Tundu lenye milango mitatu si matundu matatu. Toboa bomba mbao upande hadi upande: milango ni miwili, jinasi 1. Ongeza mlango wa tatu unaoingia uwazi uleule, jinasi ni 2. Ikiwa milango yako saba yote inaingia chumba kimoja, na chumbani hamna mhimili unaosimama katikati, jinasi ni 6 na namba ya Euler ni 2 − 12, yaani −10. Mhimili ukiwemo, kila mmoja unaongeza 1. Kwa hiyo kabla hujaniandikia tena, washa tochi uchungulie ndani uhesabu mihimili.