Nywele za Kinyozi na Kofia ya Bodaboda: Maswali Yenu Kuhusu Vinasaba

Mhariri alinitumia maswali yenu kwenye simu, nikayasoma ndani ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, nimesimama njia nzima. Zaidi ya nusu yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Huyu mtoto ni wangu?" Nimechukua moja liwawakilishe wenzake. Kwa msionifahamu, mimi ni mhadhiri. Nafundisha vinasaba, yaani DNA, na matumizi yake kwenye uchunguzi wa jinai, mwaka wa 19 sasa. Sipimi mtu kwa ombi la gazetini, kwa hiyo tafadhali msinitumie kucha. Ndiyo, kuna aliyetuma.

*Shikamoo Dokta. Nasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha sita, naishi Mbagala Rangi Tatu. Kwenye tamthilia naona wanaokota unywele, wanauweka kwenye mashine, jina la muuaji linatokea. Nisome nini niifanye kazi hiyo?*

Marahaba mwanangu. Mashine inayotoa jina sijaiona tangu nianze kazi. Yetu inatoa mchoro wenye vilele, na chini ya kila kilele kuna namba. Namba hizo hazikuambii kitu mpaka upate za mtu mwingine wa kulinganisha naye.

Zinatoka wapi? Vinasaba vyako ni maandishi ya herufi nne tu, jozi zipatazo bilioni 3, na karibu yote yanafanana na yangu. Ila kuna mahali herufi chache zinajirudia kama kiitikio cha taarabu: GATA, GATA, GATA. Mmoja ana marudio 12, mwingine 15. Kila mahali pa namna hiyo una namba mbili, moja ya mama, moja ya baba. Marekani wanasoma sehemu 20 kwa ajili ya hifadhidata yao tangu 2017. Kabla ya hapo zilikuwa 13. Ukizipanga zote pamoja, kupata watu wawili wenye namba zilezile, ukiacha mapacha wa kufanana, ni jambo la nadra mno.

Sampuli inayoletwa mara nyingi haionekani hata kwa macho, kwa hiyo inabidi tuizalishe. Njia yake inaitwa PCR, aliifikiria Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Mashine inapasha joto hadi nyuzijoto 95 za Selsiasi, kamba mbili za vinasaba zinaachana. Inashuka kwenye 60 hivi, vianzio, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili, vinajibandika. Inapanda 72, nakala inaandikwa. Halafu inarudia. Mizunguko 28 ikienda vizuri, nakala moja inakuwa zaidi ya milioni 260. Ikienda vizuri, nimesema. Kuna Ijumaa umeme ulikatika mzunguko wa 21, jenereta likagoma kuwaka, na lile tone lilikuwa la mwisho. Nilikaa sakafuni na koti langu jeupe, mwanafunzi wangu akadhani nimeanguka.

Kuhusu masomo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani kuna shahada ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia, na huo ni mlango mzuri. Kemia pia inaingiza. Lakini usiikimbie takwimu, maana hakimu hatakuuliza pipeti inashikwaje, atakuuliza uwezekano wa kukosea. Na jifunze kuandika kwa utaratibu. Nusu ya siku yangu inaisha kwenye daftari: nani kanikabidhi bahasha, saa ngapi, lakiri nzima au imevunjika, nimefungua mbele ya nani. Ukikosa saini moja, wakili anasimama, na kazi yako ya wiki tatu inatupwa nje. Tamthilia hawaonyeshi hilo, na nawaelewa. Nani ataangalia?

*Dokta, mimi ni baba wa watoto watatu, Tabata. Wa mwisho hafanani na mimi hata kidogo. Nimeokota nywele zake kwa kinyozi nikazifungia kwenye mfuko wa nailoni. Nikuletee wapi bila mama yake kujua?*

Kaka yangu, usiniletee. Nitaanza na nywele zenyewe. Unywele uliokatwa kwa mashine ya kinyozi hauna shina, na vinasaba tunavyovihitaji viko kwenye shina. Kwenye unywele wenyewe tunaweza kupata vile vya mitokondria, vijiko vidogo vya nishati ndani ya chembe, ambavyo mtoto anarithi kwa mama peke yake. Kwa hiyo kwa gharama kubwa ningekuambia tu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, jambo ambalo jirani yako analijua bure. Halafu nailoni! Kwa unyevu huu wa Dar, kitu kibichi ukikifungia kwenye nailoni siku mbili kimeota ukungu, na bakteria wanavikatakata vinasaba. Sisi tunakausha kwanza, kisha tunatia kwenye bahasha ya kaki. Hilo polisi wanaoleta vielelezo nimewaimbia mpaka wananikwepa.

La pili ni sheria. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009. Kipimo hiki hakifanywi kwa mtu kuingia na kifurushi. Maombi hupitia kwa wale sheria inaowatambua, kama mahakama, ofisi ya ustawi wa jamii, wakili au daktari, na kazi hufanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mama, mtoto na wewe mnachukuliwa sampuli kila mmoja kwa kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu. Hakiumi. Watoto wengi hucheka.

Majibu yanasomwaje? Tuseme sehemu moja mtoto ana 12 na 15, mama ana 12 na 14. Basi ile 15 imetoka kwa baba. Wewe ukiwa na 9 na 11, hapo pana pengo. Lakini pengo moja hatulitangazi, kwa sababu namba huweza kuruka hatua moja mtoto anapotungwa. Tunaangalia sehemu zote, na asiye baba hukosana na mtoto katika sehemu kadhaa.

Kufanana hakupimi kitu. Mimi sifanani na mama wala baba, nimetoka mzima mzima shangazi yangu wa Lindi. Na kabla hujakwenda ustawi wa jamii, kaa ujiulize utafanya nini na karatasi hiyo ikija upande wowote. Wazee waliosema kitanda hakizai haramu hawakuwa wajinga wa baiolojia. Walikuwa wanamkinga yule mdogo asiyeulizwa.

*Hujambo mwanangu. Mimi ni mama, nakuandikia kutoka Buguruni. Kijana wangu ni bodaboda. Duka limevunjwa, kofia yake imeokotwa pale, wanasema vinasaba vyake vimo ndani. Ndiyo basi tena?*

Shikamoo mama, na pole sana. Kesi ikiwa mahakamani mimi siigusi, na usimwache kijana bila wakili. Nitakueleza tu kofia inaweza kusema nini.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani Temeke. Mteja akirudisha shati lililoachia, baba hakubishana. Aligeuza ndani nje, akasogeza kwenye mwanga wa mlango, akatazama: "Huu mshono wangu" au "Huu si wangu". Shati lilichanikia wapi, kwenye ugomvi au kwenye msumari wa daladala, hakuwahi kulisemea. Mimi na shahada zangu nafanya kazi ileile. Naweza kusema vinasaba hivi vinalingana na vya fulani. Viliingiaje humo, lini, kofia ilifikaje dukani, pamba yangu haijui.

Na kofia ya bodaboda, mama, ni kama kikombe cha shughuli, imepita vichwa vingapi? Tukisugua kitambaa cha ndani tunapata mchanganyiko. Badala ya vilele viwili kwa kila sehemu, vinakuja vitano, sita, saba. Watu wasiopungua wanne hao. Kuwatenganisha ni hesabu ngumu, na mtaalamu mwaminifu wakati mwingine anaandika: haiwezekani kusema. Wakili aulize hilo. Aulize pia kama ni mchanganyiko, na kama mwenye kofia ndiye ambaye ungetarajia kumkuta humo hata kama hajafanya lolote.

Watu husahau kwamba kazi ya kwanza ya vinasaba kwenye kesi ya mauaji ilikuwa kumtoa mtu. Profesa Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, aligundua alama za vinasaba za kumtambulisha mtu Septemba 1984. Katika vijiji vya jirani walikuwa wameuawa wasichana wawili wa miaka 15, mmoja 1983, mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 alikuwa amekwisha kukiri mauaji ya mmoja wao. Jeffreys alipopima akakuta mhalifu ni mmoja kwa yote mawili, na si yule kijana. Amekiri kitu ambacho hakukifanya! Polisi wakachukua damu za maelfu ya wanaume wa eneo lile wasimpate, kwa sababu mhusika, mwoka mikate, alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Alikamatwa baada ya mwenzake huyo kuropoka baa. Sayansi yote ile, na mwisho wake ukawa mdomo wa mlevi.

Kuna na upande wa pili. Ujerumani walimsaka mwanamke mmoja miaka kadhaa. Vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio zaidi ya 40, likiwemo la kuuawa kwa askari polisi mwanamke huko Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikajulikana: alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha vile vijiti vya pamba. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu sawasawa, lakini kuua vijidudu si kufuta vinasaba. Wapelelezi walikuwa wanabeba mshukiwa wao mfukoni.

Nawacheka? Siwezi. Nikiwa mwanafunzi wa uzamili, kila tukiendesha mashine tulikuwa tunaweka na kichupa kitupu, chenye maji safi tu, ambacho hakitakiwi kutoa kilele hata kimoja. Siku hiyo changu kikatoa seti nzima, ya mwanamke. Nilihangaika siku nne kutafuta nani kaharibu kazi yangu, nikawanunia watu wawili. Msimamizi akaniambia tulia, panua mdomo, akanisugua shavu. Alikuwa mimi. Nilikuwa na tabia ya kuhesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, huku nimeinamia vichupa vilivyo wazi na barakoa iko kidevuni. Wale wawili niliwaomba radhi. Mmoja alinisamehe.

*Dokta, mimi ni mpakiaji mizigo, naishi Kigamboni. Nimesikia mnaweza kupima jino la tembo mkajua tembo aliuawa mbuga gani. Ni kweli au ni mbwembwe?*

Ni kweli, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya kazi, ingawa inaanzia kwenye mavi. Ili ujue jino limetoka wapi, sharti kwanza uwe na ramani ya tembo walio hai: wa mahali fulani wana namba za namna gani. Huwezi kumsugua tembo shavu. Unamfuata nyuma, akiisha kupita unakwangua utando wa juu wa kinyesi kikiwa bado kibichi, maana utumbo umeacha chembe zake pale. Nimefanya hivyo kusini, wiki mbili, askari wa wanyamapori kashika bunduki, mimi nimeshika kijiko. Usiku nilikuwa napiga simu nyumbani, mama ananiuliza, "Ndiyo uliyoyasomea hayo?"

Jino lenyewe linakatwa kipande kidogo, kinagandishwa kwa baridi kali, kisha kinasagwa unga, kwa sababu ukilisaga likiwa la kawaida joto linaviunguza vinasaba. Profesa Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walifanya hivyo kwa shehena kubwa zilizokamatwa nchi mbalimbali, wakachapisha mwaka 2015. Meno ya tembo wa savana yalielekeza sana huku kwetu, kusini mashariki mwa Tanzania, pamoja na kaskazini mwa Msumbiji. Haikuwa siri kwa aliyekuwa porini. Sensa ya 2009 ilikadiria tembo wapatao 109,000 nchini, ya 2014 ikakuta kama 43,000.

Wewe mtu wa mizigo utaipenda hii zaidi. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilionyesha kwamba meno mawili ya tembo mmoja mara nyingi yanaachanishwa, yanaingia kwenye makontena mawili tofauti. Ukiyalinganisha vinasaba yakioana, na makontena yote yalipita bandari moja kwa muda wa kukaribiana, basi umeunganisha shehena mbili ambazo kila moja ilikuwa na kesi yake na mmiliki wake wa kwenye karatasi.

*Mapacha je? Na hela ipo? – Msomaji wa Sinza*

Mapacha wa kufanana kipimo cha kawaida hakiwatofautishi. Kusoma maandishi yote bilioni 3 kunaweza kupata herufi moja moja zilizobadilika, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingi na fedha nyingi. Mapacha wasiofanana ni ndugu tu kama ndugu wengine.

Hela: mshahara wa mhadhiri unajulikana, na vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vinaagizwa kwa dola. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi uliopita friji letu la sampuli liliharibika mpira wa mlango, nikamwomba aniazime gundi. Akaniandikia risiti.