Kwa nini chuo cha jeshi kilifundisha madaraja

Ndugu, umeuliza ilikuwaje West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, kikafundisha madaraja na mifereji badala ya vita peke yake. Kilipoanzishwa mwaka 1802 kilikuwa chini ya kikosi cha wahandisi wa jeshi, na nchi haikuwa na chuo kingine cha uhandisi. Ngome, barabara na bandari vilitaka watu wa hesabu.

Aliyekipa sura ni Sylvanus Thayer, mkuu wa chuo kuanzia 1817 hadi 1833. Alikuwa ametumwa Ufaransa, akarudi na vitabu na mfumo wa École Polytechnique, chuo cha uhandisi cha huko. Wanafunzi ilibidi wasome Kifaransa, maana vitabu vingi vya uhandisi vilikuwa vya Kifaransa! Darasa lilikuwa dogo. Unaitwa ubaoni, chaki mkononi, unachora umbo na kulieleza hatua kwa hatua, na kila siku alama zinaandikwa. Hapakuwa na pa kujificha. Mimi naona siri ilikuwa hapo kuliko kwenye mtaala wenyewe.

Mwaka 1837 Dennis Hart Mahan, mwalimu wa hapo, akatoa kitabu chake cha uhandisi ujenzi, nacho kikatumika hata nje ya West Point.

Na wahitimu? Mmoja ni George Washington Whistler, wa mwaka 1819. Alijenga reli kwao, kisha Urusi ikamwita awe mshauri wa reli ya St. Petersburg hadi Moscow. Alifariki huko mwaka 1849, reli bado haijakamilika.