Kadeti, kabla hujaogopa meli inayojiendesha

Kila kundi jipya la makadeti huniuliza swali lilelile: tukimaliza chuo tutakuta kazi, au meli zitakuwa zinajiendesha zenyewe? Nami huwauliza: mmeshashuka chumba cha injini?

Wengi hudhani ugumu uko kwenye usukani. Kushika njia kwa GPS na rada, mashine inaweza. Mayflower, boti ya mita 15 isiyo na mtu, ilitoka Plymouth, Uingereza, Juni 2021 ikiwa na nia ya kuvuka Atlantiki. Haikupotea njia. Kilichovunjika ni kiungo cha paipu ya moshi ya jenereta, na hapakuwa na mtu wa kukifunga hata kwa waya. Ikarudishwa. Mwaka uliofuata umeme ukaisumbua, ikapelekwa Azores ikatengenezwe, na mwisho ikatia nanga Halifax, Kanada.

Mimi nikiwa kadeti, zamu ya saa tisa usiku, nilinusa mafuta karibu na purifaya, mashine inayosafisha mafuta kabla hayajaingia injini. Kwenye paneli, alamu kimya. Fundi wa zamu akapitisha kitambaa juu ya paipu (mkono mtupu usithubutu, mafuta mazito pale yanakaribia nyuzi 98), akaona doa linakua chini ya nati. Spana, dakika tano, basi. Mashine ingekuja kujua moto ukishawaka.

Ndiyo maana Yara Birkeland ya Norwei inanishawishi. Inabeba kontena 120, inatumia betri, haina purifaya wala mafuta mazito, na safari yake ya Herøya hadi Brevik ni fupi kiasi kwamba fundi yuko karibu muda wote. Hata hivyo ilipoanza kazi 2022 ilikuwa na mabaharia ndani. Meli ya wiki tatu baharini ni habari nyingine kabisa.

Kuna pia Kanuni ya 5 ya kimataifa ya kuzuia meli kugongana: kuchunga bahari kwa macho na masikio. Ukipita mkondo wa Zanzibar usiku utaielewa. Ngalawa haina AIS, kifaa cha redio kinachotangaza chombo kilipo. Mvuvi anawasha tochi akisikia mngurumo wako.

Kwa hiyo soma umeme na mifumo ya kujiendesha kwa bidii. Cheti cha ofisa wa umeme kimo kwenye STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, tangu marekebisho ya Manila ya 2010, na wenye nacho hawakai sana nyumbani. Ila siku ukipangiwa kusafisha purifaya, usimwachie oila, baharia msaidizi wa chumba cha injini.